Mizunguko Arobaini na Mitano

“...na umemuua mara ya pili, mjomba! Mara ya pili! Ya kwanza alimchukua Mungu, nikanyamaza. Hii ya pili ni wewe na bisibisi yako!”

Jamani, uchochoro mzima wa mafundi uligeuza shingo. Fundi viatu wa mlango wa pili alibaki na nyundo hewani. Cherehani alikuwa kasimama katikati ya karakana ya mjomba wake, kaikumbatia mashine ya santuri kifuani kama mtoto aliyezimia, waya wa umeme unamfuata nyuma kama mkia, na maneno yanamtoka bila nukta wala mkato. Jina lenyewe la Cherehani alipewa hata meno hayajatimia: ukishakanyaga pedali hasimami mpaka uzi uishe. Na siku hiyo uzi ulikuwa katoni nzima.

Mjomba alisukuma miwani ikapanda kwenye paji la uso. “Mama, weka chini hiyo mashine kwanza. Ikianguka tutalia wote.”

“Usiniite mama! Mama yangu umemgeuza panya!”

Sasa usimhukumu bado, sikia kwanza alivyofika hapo.

Mama yake alifariki Cherehani ana miezi kumi na moja. Hakuachiwa sura, hakuachiwa harufu, aliachiwa santuri. Moja tu duniani, haina nakala. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufyatua santuri, na wiki ile kiwanda kinafungwa, wenzake walimkalisha mbele ya maikrofoni na tumbo lake la miezi minane, wakamwambia sema na huyo wa ndani. Akasema, akaimba. Upande mmoja una dakika tatu, wa pili hauna kitu, laini kama kioo.

Baba yake ni mkutubi. Miaka thelathini anaishi kidole mdomoni, shhh. Kila Jumapili, vyombo vikishaoshwa, alikuwa ananawa mikono, anaifuta santuri kwa kitambaa chake maalumu, anashusha sindano. Cherehani anakaa chini, magoti pamoja. Sauti inatoka nzito, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi kashika taa. “Tulia... tulia... tulia basi... mama yako anasema...” Nyuma yake kuna watu wanaguna kama wako msibani. Kisha wimbo mmoja mfupi. Wimbo ukiisha, baba anainua sindano. “Mbele ni mikwaruzo mitupu,” anasema, na kuigusa mashine ni marufuku mpaka Jumapili nyingine.

Basi Cherehani kakua anajua mama yake alikuwa mwanamke wa namna hiyo: mtulivu, mzito, anapima neno kabla hajalitoa. Na kila alipofungua mdomo mezani, baba alimwangalia kwa huruma ile inayouma kuliko kofi. “Mwanangu, mama yako hakuwa hivi. Humsikii? Tulia.” Alijaribu, maskini! Akiwa sekondari alikaa kimya siku nne mfululizo kumfurahisha baba, ya tano wakampeleka hospitali wakidhani amepata malaria. Chuoni walimu walimtoa darasani mara sita. Eti mtoto wa nyoka ni nyoka; yeye aliona methali hiyo imetungwa kumcheka.

Mwezi uliopita mashine ikaanza kulia. Ikizunguka inatoa kijimlio, nyii, nyii, juu ya sauti ya mama. Baba akasema, “Iache.” Cherehani angeachaje? Baba aliposafiri kwenye mkutano wa wakutubi, akaibeba hadi kwa mjomba, kaka wa mama, fundi wa redio na santuri, ambaye ndiye aliyewapa wazazi wake hiyo mashine siku ya harusi, na ambaye hajakanyaga kwao tangu mazishi. Wanaume wawili waligombania santuri ile kaburi halijakauka. Baba akashinda, akafunga mlango.

“Tia mafuta tu, mjomba,” alimwambia. “Tone moja.”

Kumwambia fundi yule atie mafuta tu ni kumwambia mbuzi anuse tu mahindi.

Siku hiyo mchana akaichukua, akafika nyumbani, baba bado yuko safarini, akaiba dakika tatu zake. Akashusha sindano. Kikatoka kisauti chembamba, cha juu, kinakimbia kama kinafukuzwa! Tuliatuliatulia basi! Akainua sindano, akajaribu tena. Yaleyale. Akalia kidogo, kisha machozi yakakauka yenyewe kwa joto la hasira, na ndiyo hapo alipotoka mbio na mashine kifuani.

“Ulibadilisha nini?” sasa aliuliza, kakunja uso.

“Gurudumu,” mjomba akajibu. Akaipokea mashine, akachomoa sahani yake, akamwonyesha chini yake kijigurudumu cha mpira, kipya, si kikubwa kuliko kifuniko cha dumu la maji. “Hii ni mashine ya gurudumu. Mota inazungusha hili, hili linasukuma sahani kwa ubavu. Ina nguvu kama punda. Ila mpira ukikauka unateleza, na ukiteleza sahani inachelewa. Nilihesabu kabla sijagusa: mizunguko thelathini na minane kwa dakika. Inatakiwa arobaini na mitano. Mashine haiingii humu ikatoka inasema uongo.”

“Nani alikuomba ukweli? Mimi niliomba mafuta! Nirudishie la zamani!”

“La zamani ni jiwe.”

“Nirudishie jiwe langu!”

Mjomba akamimina kopo la magurudumu yaliyokufa juu ya meza, akachagua moja, jeusi, gumu, ubavu mmoja umeliwa. Cherehani akalinyakua, akalifumbata.

Upande wa pili wa karakana, nyuma ya pazia la turubai, kuna kijana anayepiga muziki kwenye sherehe. Anamlipia mjomba nusu ya chumba na anaitwa Dijei hata na mama yake mzazi. Akachungulia. “Dada, samahani kuingilia, lakini kosa ni kutumia mashine ya mababu. Gurudumu! Kwani ni baiskeli? Njoo kwangu. Yangu sahani imekaa juu ya mota yenyewe, hakuna gurudumu, hakuna mkanda. Ukibonyeza, imeshafika.”

“Imeshafika wapi?” mjomba akamrukia. “Mota ikitetemeka, sindano inatetemeka nayo. Hiyo haina subira, kama mwenyewe. Ukitaka kusikia mtu anapumua, sikiliza mashine ya mkanda. Mota inakaa pembeni na wazimu wake, sahani inavutwa na mkanda wa mpira, fujo yote inafia njiani.”

“Mkanda wako ukilegea ni kama suruali ya mzee, baba. Unaivuta kila baada ya hatua mbili.”

“Mimi mama yangu amepotea, nyie mnashindana suruali!” Cherehani alipiga meza, skrubu zikaruka. “Mjomba, umeiharibu. Sema tu umeiharibu.”

Hapo mjomba naye akawaka. Mtu anaweza kumtukana yule mzee ukoo wake wote akacheka, ila si kazi yake. “Nimeharibu? Mimi? Haya. Hapa kuna mashine za namna tatu: ya mkanda, ya Dijei, na hiyo ya gurudumu. Zinazunguka kwa njia tatu, hazina undugu, hazijawahi hata kusalimiana. Zikikupa sauti tatu, nimeharibu, na nitakuja kwenu kupiga magoti mbele ya baba yako. Zikikupa sauti moja, utaniomba radhi hapahapa, kwa sauti hiyohiyo, fundi viatu asikie.”

“Sawa!”

“Sawa!” akasema fundi viatu kutoka nje.

Mjomba akashusha sauti. “Umekuja nayo, hiyo santuri?”

Ilikuwa kwenye mkoba, ndani ya foronya. Mjomba alikwenda kunawa mikono. Akarudi, akaiangalia santuri, akaenda kunawa tena. Miaka ishirini na nne hajaisikia sauti ya dada yake. Cherehani aliona, na hasira haikumruhusu kumwonea huruma.

Cherehani akabandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sahani ya mkanda, akashika simu, akahesabu kila kikipita. Alitaka kumkamata mjomba kwa namba. Dakika moja ikaisha. Arobaini na mitano. Wakashusha sindano.

Kikatoka kilekile kisauti cha mbio. Cherehani akageuka aseme umeona? Akakuta mjomba kakaa sakafuni. Fundi mzima, kakaa kwenye vumbi la risasi ya kulehemu na nyaya, kashika kichwa, anacheka huku machozi yanaingia mdomoni.

“Huyo! Huyo, huyo, huyo! Kasuku wetu huyo! Hata pumzi hakuwa anavuta, alikuwa anasema kwa pumzi ya jana!”

“Si yeye!” Cherehani akaikwapua sindano juu. “Mama yangu hasemi hivyo!”

“Mama yako ulimjua lini?”

Cherehani alibeba santuri mwenyewe hadi nyuma ya turubai, akaiweka kwenye mashine ya Dijei, akahesabu. Arobaini na mitano. Sauti ileile. Basi akamwamuru Dijei, “Punguza. Hako kakitufe kako ka kuteleza, shusha mpaka niseme basi.”

Dijei akateremsha kitufe kwa kidole kimoja, polepole, na sauti ikawa inateremka nayo, inanenepa, inazeeka, mpaka akatokea yule mwanamke wa Jumapili. Tulia... tulia... Cherehani akafumba macho. “Basi! Hapo. Huyo ndiye mama.”

“Huyo nani?” mjomba alisimama mlangoni kwa pazia, uso umebadilika. “Huyo mwanamke anayesemea ndani ya sufuria la uji ni nani? Zima! Dijei, zima hiyo takataka! Miaka yote hiyo mmemburuta dada yangu hivyo? Kila Jumapili?”

“Ndiyo sauti yake!”

“Unajua kazi yake pale kiwandani?”

“Alikuwa... alikuwa anafanya kazi kiwandani.”

“Alikuwa mkaguzi wa kasi! Ndiye aliyekuwa anakaa na saa na sampuli, santuri ikichelewa hata kidogo anairudisha inayeyushwa. Yule ungemkata vidole kabla hujamrekodi kwa kasi mbaya. Soma lebo.”

Lebo Cherehani alikuwa anaijua kama kiganja chake: namba 45 kwa wino wa bluu, na chini yake mstari uliopigwa mara mbili, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka. Alidhani ni namba ya kuhifadhia. Baba yake si mkutubi? Kwao kila kitu kina namba.

“Bado moja,” alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini hakuwa mtu wa kuacha mechi kabla ya filimbi. Wakarudi kwenye mashine yao, ya gurudumu. Akahesabu. Arobaini na mitano.

Akashusha sindano mara ya tatu, na safari hii, kwa kuwa hakuna wa kubishana naye tena, akasikiliza. Kumbe wale waliokuwa wanaguna nyuma hawakuwa wanaguna, walikuwa wanacheka! Wanacheka mpaka mmoja anapaliwa. Na ile tulia haikuwa amri ya mtu mzito. Ilikuwa ya mtu anayetekenywa: “Tulia, tulia, tulia basi, we mtoto, unanipiga mateke mama yako anasema!” Ukaja wimbo, mfupi, kaimba kwa mbio kama anawahi gari. Wimbo ukaisha. Mjomba yuko anapangusa uso kwa mkono wa shati, Cherehani amezubaa, Dijei amezubaa. Hakuna aliyeinua sindano.

Hakukuwa na mikwaruzo.

“Haya, wanasema nimalize,” ilisema santuri. “Eti nakuchosha. Nakuchosha? We usiwasikilize hawa. Ukitoka humo uwe unasema, umesikia? Useme tu, hata upuuzi. Baba yako atakuambia shhh, yule ndiyo kazi yake, mwache. Ukinyamaza mimi nitajuaje uko wapi?” Kisha kicheko, kisha krr, krr, krr.

Fundi viatu alikuwa kaingia ndani na kiatu cha mtu mkononi. Hakuna aliyemfukuza.

“Mjomba,” Cherehani alisema, “samahani.” Kwa sauti ndogo. Halafu akakumbuka makubaliano, akapaza mpaka bati likatetema: “SAMAHANI! Ulikuwa sahihi! Na sasa nishikie huo mlango, maana mwenye kesi anarudi nyumbani jioni hii.”

Baba yake alirudi safari jua linazama, mkoba wa ngozi mkononi, akavua viatu akavipanga. Akaiona mashine katikati ya meza.

“Umeitoa nje,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nilisema uiache.”

Cherehani akaliweka gurudumu la zamani mezani, tak. “Hili ndilo lililomzeesha mama. Kaa, baba.”

Hakukaa. Sindano ikashuka, na ile sauti ya mbio ikamwagika sebuleni, na Cherehani hakuiangalia mashine, alimwangalia baba. Alitaka kuona mshangao. Hakuuona. Aliona mtu aliyegongewa mlango na mgeni anayemfahamu. Wimbo ulipoisha, mkono wa baba ulinyooka wenyewe, kwa mazoea. Cherehani akaudaka kwenye kifundo.

“Mwache amalize!”

Akamaliza. Ukinyamaza mimi nitajuaje uko wapi. Krr, krr.

“Ulijua?”

“Shusha sauti.”

“Sishushi! Usiniambie tena nishushe sauti kwenye nyumba hii! Ulijua?”

Baba alikaa sasa, kwenye ukingo wa kiti, kama mgeni. “Ilianza kupungua kasi mwaka wa pili. Kidogo kidogo. Nilisikia.”

“Fundi yuko mwendo wa robo saa!”

“Nilisikia nikaona... anakaa zaidi. Dakika tatu zikawa tatu na nusu. Kila mwaka ananiongezea sekunde. Ningeitengenezaje?”

Hapo nusura hasira imwagike. Nusura. Lakini akakumbuka magoti yake pamoja, Jumapili baada ya Jumapili. “Sawa, hizo sekunde zilikuwa zako. Na mimi? Mama yako hakuwa hivi! Mama yako hakuwa hivi! Mara ngapi? Nilikaa kimya mpaka nikapelekwa hospitali, baba! Nikichukia mdomo wangu! Na yeye kaniachia maneno, ya kwangu, tangu niko tumboni, wewe unainua sindano unaniambia mikwaruzo!”

“Kila ulipofungua mdomo,” baba alisema, na Cherehani ilibidi ainame kumsikia, “alikuwa yeye. Ulivyoanza tu kusema. Sauti yake, mbio zake, hata pale anaposahau anakoelekea. Natoka kumzika, nakuta yuko jikoni anabishana na kijiko. Sikuweza. Nikataka mmoja wenu anyamaze.”

“Ukaninyamazisha mimi.”

“Yeye nilikuwa siwezi.”

Cherehani alilinyakua lile gurudumu akalirusha dirishani kwa nguvu zake zote. Likatua kwenye bati la jirani, ngwaa! Jirani akapiga kelele, nani huyo? “Ni mimi!” Cherehani akamjibu. “Na bado!” Akageuka. “Sijakusamehe. Ujue hivyo. Hata kidogo. Nina miaka ishirini na nne ya maneno humu ndani na utayasikia yote. Lakini kwanza utasema wewe. Unieleze yeye alikuwaje. Si yule wa uji. Huyu.”

Baba aliangalia sahani inavyozunguka, sindano imefika mwisho inagonga kati. Kona ya mdomo ikamnyanyuka kidogo, kitu ambacho Cherehani hakuwahi kukiona.

“Nilimfukuza maktaba mara tatu,” alisema. “Kwa kelele. Ya kwanza alikuwa anamsomea mlinzi gazeti, kwa sauti, na kumuigizia. Ya pili aligombana na kitabu. Peke yake. Alikuwa anakiambia mwandishi amekosea. Ya tatu aliniuliza kama nimezaliwa na kidole mdomoni au nilipandikizwa.”

Cherehani alitaka kucheka, akakataa, akakunja mikono. “Na ya nne?”

Baba alinyanyuka, akainua sindano kwa uangalifu, akaifuta santuri, akairudisha kwenye foronya. Sauti ilikuwa imemkauka, hana mazoezi. Alifika mlango wa chumba chake akasimama, kamgeukia.

“Ya nne kesho. Mwambie mjomba wako aje, maana siku hiyo alikuwepo, nami nikisimulia peke yangu nitapunguza.”